Tao Lililosalisha Watu Kuelekea Morogoro

Juzi mmoja wenu, wanafunzi wangu wa uchoraji, alinionyesha kwenye simu picha ya msikiti aliyoitengeneza asubuhi ile ile kabla ya chai. Ilikuwa na matao mengi yaliyopangika kama meno ya kitana, yote sawa, yote yanang'aa. Nikamuuliza tao la katikati linasema nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za afya ya kabati.

"Mwalimu, si tao tu?"

Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini niandike. Nimestaafu mapema, mkono wangu wa kulia ukiwa umechoka kuliko mwenye nao, baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika karakana moja ya picha pale Maili Moja, Kibaha. Tulichora kumbi za harusi, migahawa, zahanati, na sebule za watumishi waliohamia kutoka bara wakitaka ukuta wao uonekane wa pwani. Katika yote niliyochora, hakuna kilichonifundisha kama tao. Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Upareni, na uchoraji niliusomea chuoni. Misikiti niliifahamu kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo ninayowaambia si mafundisho ya dini. Ni mambo ya brashi, ingawa mtaona kwamba brashi nayo inaweza kuwatia watu mashakani mbele ya Mola wao.

Karakana ilikuwa ya Bi. Zuhura, mama wa Kizaramo aliyewahi kufundisha sanaa sekondari kabla ya kuamua kwamba kuta zinasikiliza vizuri zaidi kuliko wanafunzi. Mwezi wangu wa kwanza kwake nilichora safu ya matao niliyodhani yangemfurahisha. Vipimo vilikuwa sahihi, kivuli kilikuwa mahali pake. Alisimama nyuma yangu akala kipande chote cha muhogo, kisha akajifuta mikono.

"Mama Upendo, haya matao yako yamelala."

"Yamelala vipi, Bi. Zuhura? Nimeyapima."

"Umeyapima, hujayaegemea. Njoo hapa. Nipe viganja."

Tukasimama uani tukitazamana, viganja vyake juu ya viganja vyangu. Akaniambia nirudishe miguu nyuma na nimlalie, nisijizuie. Naye akanilalia. Alikuwa mwanamke mzito. Wateja wawili waliokuja kuulizia kibao cha duka walibaki getini wakifikiri tunapigana.

"Nikiondoka sasa?"

"Nitaanguka."

"Na mimi?"

"Utaniangukia, na sitaamka tena."

Alicheka mpaka tukakaribia kuanguka kweli. "Basi chora hivyo," akasema. "Tao ni pande mbili zinazoanguka, kila upande umezuiwa na mwenzake. Hayo yako ni shuka zimeanikwa."

Tangu siku hiyo, nikichora tao nyuma ya kiti cha maharusi, sikuwa napamba ukumbi. Nilikuwa nasema jambo kuhusu ndoa ambalo mshereheshaji angelisema kwa saa nzima na kipaza sauti.

Nanyi fanyeni hivi. Msikisie tao kwa mkono mtupu, wala msiiachie simu iwapindishie. Pigeni mstari wa kulala pale tao linapoanza kupinda. Wekeni misumari miwili juu ya mstari huo. Upande wa kulia wa tao uchorwe kwa uzi uliofungwa kwenye msumari wa kushoto, na wa kushoto kwa uzi wa msumari wa kulia. Misumari ikikaribiana, tao linakuwa la duara na jicho linatulia chini yake kama mtu aliyeketi. Ikiachana, kilele kinachongoka na jicho linapanda. Majengo ya Kiislamu yanayajua yote mawili, na mchoraji anapaswa kujua kabla ya kugonga msumari kama anataka mtazamaji akae au apande. Uzi uwe wa katani. Wa nailoni unavutika, na tao litakuwa na bega moja juu kama mtu aliyebeba ndoo.

Halafu kuna suala la kinachoonekana nyuma ya tao. Hapa nawapa kisa cha mama mmoja wa Kikatoliki, mwenye mgahawa Mlandizi, aliyetaka ukuta mzima wa matao. Nilimchorea. Nyuma ya kila tao nikajaza rangi nyeusi moja kwa moja kutoka kwenye kopo, kwa kuwa nilitaka kina. Haukupita muda akanipigia simu.

"Mwalimu, njoo utoe mashimo yako."

"Mashimo gani tena, mama?"

"Haya ya ukutani. Watu hawataki kuyapa mgongo. Kuna dereva wa lori amehamisha sahani yake mpaka jikoni. Anasema anahisi kuna mtu atatoka humo amshike bega."

Nilikwenda. Kweli, viti vya upande ule vilikuwa vitupu, na watu wamebanana upande wa pili kama wanaokimbia mvua. Nikaufuta weusi wote. Badala yake nilichanganya buluu na kahawia, ambayo ni giza lenye hewa ndani yake, na mbali kabisa nikaweka tao dogo jingine lenye mwanga wa asubuhi. Sikugusa kitu kingine. Baadaye mama yule aliniambia kwamba wateja sasa wanagombea viti vilevile. Tao lenyewe halitishi wala halifariji. Ni uwazi, na mtu huujaza kwa kile ulichomdokezea. Mkidokeza kaburi, atakula haraka aondoke. Mkidokeza asubuhi, ataagiza chai ya pili.

Bi. Zuhura alinifundisha jambo la tatu, na hili nililishika kwa kichwa tu kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeketi tunaosha brashi. Akasema kwamba katika msikiti kuna matao ya namna mbili, na mchoraji asiyeyatofautisha ataaibika. Kuna tao la mlango au la varanda, ambalo watu hupita. Na kuna tao la mihrabu, kile kishubaka cha ukutani kinachomwonyesha imamu upande wa Makka, yaani kibla. Mihrabu ina sura ya mlango lakini nyuma yake ni ukuta. Hakuna anayepita.

"Tao la mlango linaita miguu," akasema. "Tao la mihrabu linaita uso."

Niliona ni maneno mazuri. Kilichonifanya niyaelewe ni Kurui.

Kurui iko Kisarawe, ndani huko kwenye mikorosho, na huko ndiko anakofundisha Bi. Mwajabu. Ana madrasa ya wasichana. Ni rika langu, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, na tulifahamiana kwa sababu binti yake alipanga nyumba ya jirani yangu Kibaha. Kwa miaka yote wasichana wake walisomea varanda ya msikiti. Mvua ikinyesha, walikunja mikeka wakaenda kwao. Wanaume wakiwa na kikao, walikunja mikeka wakaenda kwao. Wengine, alivyoniambia, walifika mahali wakaacha kuikunjua.

Kisha kikajengwa chumba kando ya msikiti. Kamati ya msikiti ilikikusudia kiwe ghala la korosho, lakini Bi. Mwajabu alimfuata mwenyekiti, Mzee Kibwana, mara nyingi kiasi kwamba mzee wa watu alianza kubadilisha njia ya kwenda shambani. Mwisho akamwambia: "Nakupa kwa kujaribu. Nikiona darasa, ni darasa. Nikiona vurugu, ni ghala."

Ndipo Bi. Mwajabu akaja karakana. "Dada, nataka picha," akaniambia. "Chumba chenyewe kina kuta nne na harufu ya saruji. Mtu akichungulia anaona ghala linalosubiri magunia. Nataka akichungulia aone mahali pa elimu. Ila usinichoree kiumbe chenye roho, hata kuku."

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilitandika kitambaa cha marekani kwenye fremu yenye urefu wa mlango, nikachora matao matatu, moja ndani ya jingine, kila linalofuata dogo kuliko la mbele, na ndani ya la mwisho nikaning'iniza taa yenye mwanga wa manjano juu ya ukuta mweupe. Nilikusudia elimu: unaingia hapa, unaendelea, mbele kuna taa. Bi. Zuhura aliitazama, akaguna ule mguno wake wa kuridhika. Tuliitundika ukuta wa magharibi wa chumba kile cha Kurui, ambapo mwanga wa dirisha la kaskazini uliipaka pembeni taratibu. Ilionekana kana kwamba ukuta umefunguka.

Siku ya kufungua darasa sikuwapo. Nilipata habari kwa simu, jioni.

"Dada," sauti ya Bi. Mwajabu ilikuwa katikati ya kicheko na kilio, "picha yako imesalisha watu Morogoro."

Ilikuwa hivi. Wageni wa kike walikuja kutoka Mlandizi, ukoo mzima wa mume wa binti yake. Adhuhuri ilipoingia, sehemu ya wanawake msikitini ilikuwa imejaa, wakaelekezwa kwenye chumba kipya. Aliyetangulia kuingia alikuwa mama mkwe wa binti huyo, mwanamke wa heshima na wa haraka. Akaona tao, ndani ya tao taa, nyuma ya taa ukuta. Hakuuliza. Akatandika mkeka wake mbele ya picha, akafunga sala. Wakwe, mashemeji na wajukuu wakajipanga nyuma yake safu nzuri iliyonyooka, wakielekea magharibi. Ninyi mnajua kwamba kwetu huku kibla ni kaskazini.

"Na wote hawakujua?" nikamuuliza.

"Wote! Thubutu! Mkwe mmoja ameniambia mwenyewe aliuona msikiti dirishani umeelekea kwingine, akajua wamepotea. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akanijibu, 'Mama mkwe ameshatandika, nani amwambie? Wewe ungemwambia?'"

Sikuweza kujizuia, nikacheka. Hakucheka.

"Mzee Kibwana alipita dirishani wakiwa kwenye sijda. Alisimama pale, dada, akashika kichwa. Wameshatoa salamu ndio akauliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, 'Ninyi mnasali wapi? Morogoro?' Wamerudia sala yao, hilo limekwisha. Mama mkwe kaondoka bila kula. Na Mzee amesema Jumamosi korosho zinaingia."

"Si uiondoe picha tu?"

"Nilimwambia naiondoa sasa hivi. Akaniambia, 'Ukiondoa picha kinabaki nini? Ghala.' Wasichana wamesikia, walikuwa pale nje. Mmoja ameanza kukunja mkeka wake bila kuambiwa."

Kesho yake nikapanda basi la Kisarawe nikiwa na makopo yangu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye ufundi. Picha haikuwa mbaya. Ilikuwa imesema kwa ufasaha kitu ambacho sikukikusudia. Tao, taa na ukuta uliofungwa vikikaa pamoja ni mihrabu, na jicho la Mwislamu limelisoma neno hilo tangu utotoni kabla ya kusoma herufi. Nilikuwa nimeita uso wakati nilitaka kuita miguu. Kazi yangu ikawa kuligeuza tao hilo liwe mlango, bila kuligusa umbo lake, kabla ya Jumamosi.

Nilianza kwa kuitoa taa. Nikaufungua ukuta mweupe, nikachora njia ya mchanga inayoendelea ng'ambo, mikorosho michache na anga. Rangi ya maji hukauka haraka, kwa hiyo mchana nilikuwa nimemaliza. Nikamwambia Bi. Mwajabu alete mtu asiyejua lolote. Akamwita jirani yake, bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni.

"Shikamoo bibi. Hebu tazama hapo, unaona nini?"

"Marahaba." Akautua mzigo, akatazama kwa makini. "Mashallah. Mihrabu nzuri. Na nyuma mmeweka na Pepo."

Bi. Mwajabu aliketi juu ya kopo la rangi. "Tumekwisha," akasema.

Kumbukeni hili mtakapofika hapo, kwa sababu mtafika: picha ikikataa, msiongeze vitu. Ongezeko la kwanza ambalo mkono wangu ulitaka kulifanya lilikuwa lango, kisha bawaba, kisha komeo, na ningeishia kuchora duka la vyuma. Niliweka brashi chini, nikageukia mlango wa kweli wa chumba kile, ule wa mbao, kuuliza unajijulishaje kwamba ni mlango.

Wasichana walikuwa wamekuja kuangalia. Walikuwa wameingia kimyakimya, wamekaa nyuma yetu ukutani. Na pale kizingitini walikuwa wameacha viatu vyao: kandambili za kila rangi, nyingine imepinduka tumbo juu, nyingine imelalia ya mwenzake, moja ya buluu mkanda wake umeshikizwa kwa pini ya nguo.

"Bi. Mwajabu," nikasema, "mtu anaweza kuacha viatu kwenye mihrabu?"

"Astaghfirullah. Nani afanye hivyo?"

"Nami ndivyo ninavyosema."

Alielewa kabla sijamaliza kuchanganya rangi, akasimama kutoka kwenye kopo. "Viatu? Kwenye picha iliyo kando ya msikiti? Dada, wewe umekuja kutusaidia au umekuja kutuzika? Mzee ataniambia nimemtukana."

"Utasali ukielekea kandambili?"

"Sisali!"

"Na mama mkwe wa binti yako?"

Akafikiri. Kona ya mdomo ikaanza kumsaliti. "Yule angezipanga kwanza."

Nilizichora zote kama zilivyokuwa, chini ya tao la kwanza, juu ya kizingiti. Sikuzipanga. Ile iliyopinduka niliiacha imepinduka, kwa kuwa viatu vilivyopangwa vizuri ni vya dukani, na vilivyotupwatupwa ni vya watoto waliokuwa na hamu ya kuingia. Pini ya nguo niliichora kwa brashi ya unywele mmoja. Msichana mwenye kandambili hiyo alisogea mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. "Mwalimu, hiyo yangu usiichore na pini," akanong'ona. Nikamwambia pini ndiyo itakayowafanya waamini. Akatafakari, akakubali, kwa sharti kwamba upande wa pili niufanye mpya.

Kandambili ya mwisho ilipokauka, tao liligeuka mbele ya macho yetu. Mstari wake haukuwa umebadilika hata kwa upana wa uzi. Lakini sasa watu walikuwa wamepita hapo. Hakukuwa na kiumbe hata mmoja kwenye picha, kama Bi. Mwajabu alivyoagiza, na bado ilikuwa imejaa. Yule bibi wa kuni aliporudi na mzigo wa pili akachungulia, akauliza, "Eti, wameshaanza kusoma?"

Jumamosi Bi. Mwajabu aliwaambia wasichana wasije, wasione magunia yakiingia iwapo yangeingia. Tulibaki sisi wawili. Yeye alifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Likasikika guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, likapanda kilima kwa taabu na korosho zake. Mzee Kibwana alitangulia kwa miguu, kanzu imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Mpare uliyetuhamishia Makka?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kuirudisha."

"Mpare na kibla, wapi na wapi," akasema, lakini macho yake yalikuwa yameshanipita. Akaingia. Alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, Bi. Mwajabu akiung'ang'ania ufagio. Mzee aliinama kidogo. Alikuwa akiitazama ile ya buluu.

"Viatu vya nani hivi?"

"Vya wanafunzi, mzee," Bi. Mwajabu akajibu.

"Wenyewe wako wapi?"

Niliogopa kwamba Bi. Mwajabu angesema wako majumbani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akaitazama picha, akamtazama mzee.

"Wako ndani," akasema.

Mzee Kibwana hakutikisa hata kope. Huko nje mpakizi mmoja alikuwa ameshapandisha gunia begani. Akasimama mlangoni, jasho linamtiririka, akakitazama chumba kitupu toka ukuta hadi ukuta.

"Mzee, tuanzie kona ipi?"

"Rudisha gunia."

"Mzee?"

"Humu mna watu."

"Watu wapi, mzee wangu? Mbona simwoni mtu?"

"Na hivi viatu mlangoni," Mzee Kibwana akasema, akimnyooshea kidole ukutani, "unadhani vimekuja vyenyewe? Geuza guta, bwana, watoto wanasoma."